Kamisheni ya mgonjwa: Ni udalali, zawadi au rushwa?



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo, chandarua na lishe ya mtoto. Leo tuuangalie uchafu wa namna nyingine, ambao hauondoki kwa sabuni. Nao ni fedha anayopewa daktari au tabibu na daktari mwenzake, au na mwenye maabara, au na mwenye kliniki, kwa sababu tu amempelekea mgonjwa. Wenyewe wanaiita kamisheni. Wengine huiita "ahsante", wengine "asilimia", na wapo wanaoiita "mafuta ya gari" hata kama mpokeaji hana baiskeli.

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Mgonjwa ameandikiwa kipimo ambacho katika maabara ya binafsi ni shilingi 30,000. Aliyemwandikia ana makubaliano na mwenye maabara kwamba kwa kila kichwa atakachopeleka atapata shilingi 6,000. Mwenye maabara hatoi sadaka. Hizo 6,000 lazima zitoke mahali. Ama atapandisha bei ifike 36,000. Ama ataiacha 30,000 na kubana kwenye dawa za kupimia na ujira wa fundi wa maabara. Ama ataongeza kipimo cha pili na cha tatu ambavyo mgonjwa hakuvihitaji. Njia zote hizo zinaishia mfukoni mwa mgonjwa au mwilini mwake, na katika watu hao watatu yeye ndiye peke yake asiyejua kwamba kuna makubaliano. Hilo neno "kichwa" sikulitunga. Nimelisikia likitumika hivyo, kama wapiga debe wa stendi wanavyohesabu abiria.

Kwa mtu wa Mafia jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa Ilala au Temeke. Mtu wa Temeke akiona maelezo ya daktari mmoja hayamridhishi, huvuka barabara akaulize kwingine. Sisi tunavuka bahari. Hospitali yetu ya wilaya iko Kilindoni, na linaloishinda linapaswa kupanda ngazi hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha ya kanda na ya taifa. Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Pwani ni Tumbi, iliyoko Kibaha. Sasa tazama ramani. Ili mgonjwa wa Mafia afike Kibaha, atoke Kilindoni kwa chombo hadi Nyamisati, apande gari ashike barabara ya Kilwa hadi Mbagala, alikate jiji la Dar es Salaam, lenye Temeke na Muhimbili, ndipo aishike barabara ya Morogoro. Si ajabu wengi wanaishia Dar. Na ndugu zetu wa Chole, Juani na Jibondo wana bahari yao ya kwanza ya kuvuka kabla ya kuifikia hii ya pili. Kusi likivuma, safari hiyo si ya mtu mzima wa afya, seuze mgonjwa. Mwenye uwezo hupanda ndege ndogo. Lakini ni wangapi?

Kwa hiyo tabibu wa Mafia anapoandika neno "rufaa" kwenye karatasi, anaandika nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, maana mgonjwa hasafiri peke yake. Anaandika majuma mawili ya kukaa kwa jamaa Mbagala au Tandika, mbuzi wanaouzwa kwa haraka kwa bei ya kutupa, na mara nyingine minazi inayowekwa rehani. Akiandika kwa haki, familia imefanya gharama hiyo kuokoa roho, na malipo yao yako kwa Allah (s.w.). Akiandika kwa ajili ya zile 6,000, ameuza mbuzi wa watu ili apate nauli ya bodaboda.

Kisha kuna wapokezi. Pale Mbagala, na pengine tangu ufukweni Nyamisati, familia yenye mgonjwa huonekana kwa mbali: mkeka, ndoo, chupa ya chai, na kinamama waliojitanda khanga wakiuliza njia. Hutokea mtu mwenye maneno laini. Atawaambia kuwa hospitali ya serikali leo imejaa, au mashine imeharibika, au daktari bingwa yuko safarini, na kwamba yeye anapajua mahali pazuri, karibu, hakuna foleni. Watamshukuru na kumuombea dua. Wakishaingia mlangoni yeye atazunguka nyuma kuchukua chake.

Aliyesoma mlango wa biashara madrasa atakumbuka suala la talaqqi ar-rukbaan. Watu wa mjini walikuwa wakitoka nje ya mji kuulaki msafara wa wenye bidhaa kabla haujafika sokoni, wakanunua kwa bei ya chini kutoka kwa watu wasiojua hali ya soko. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na katika riwaya ya Imam Muslim mwenye bidhaa akifika sokoni akaona amepunjwa anayo hiari ya kuivunja ile biashara. Ubaya wenyewe uko wapi? Si katika kununua wala katika kupata faida. Uko katika kumuwahi mtu akiwa hajui, na kuigeuza hali yake ya kutojua kuwa chumo. Mimi nasema familia ya Jibondo inayoshuka Nyamisati na mgonjwa ndiyo ule msafara. Tena hali yao ni dhaifu zaidi, kwa sababu mwenye bidhaa alipewa hiari ya kurudisha, na tumbo likishapasuliwa halirudishwi kama gunia la nazi.

Hapa mtu husimama akauliza: mbona udalali ni halali? Ni kweli. Imam Bukhari katika mlango wa malipo ya dalali ametaja kwamba Ibn Siriin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira huo. Dalali wa ng'ombe au wa nyumba anafanya kazi inayojulikana, na anayemtuma anajua kuwa ni dalali. Ukimwendea dalali wa viwanja, moyoni mwako umeshajua kwamba ana chake katika bei, na masikio yako yanachuja anayosema. Lakini hakuna mgonjwa anayeingia chumba cha daktari kutafuta dalali. Anaingia kutafuta mshauri, na imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba anayetakwa ushauri amewekewa amana. Mgonjwa anavua nguo, anaeleza aliyoyaficha kwa mkewe, na masikio yake hayachuji kitu. Qur'an katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, imeruhusu biashara ya kuridhiana na kukataza kuliana mali kwa dhulma. Mtu anaridhiaje asilolijua? Na aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Mgonjwa ni amana mkononi mwa tabibu. Kuichukulia amana kodi bila ya mwenyewe kujua ni khiyana, hata ikiwa shilingi mia tano.

Basi ni zawadi? Hili ndilo linalosemwa zaidi, maana zawadi ni sunna. Lakini kisa cha Ibn al-Lutbiyya kinajulikana, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtu huyu alitumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza: je, mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi ingemfuata? Kipimo hicho hakihitaji maabara. Daktari ajiulize: ningekuwa mvuvi wa Bwejuu badala ya kukaa na kalamu ya rufaa, mwenye kliniki wa Dar angenitumia fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi? Na Bukhari tena amemtaja Umar bin Abdul-Aziz, aliyekataa alichopelekewa na kueleza kwamba zama za Mtume (s.a.w.) hadiya ilikuwa hadiya, lakini katika zama zake imekuwa rushwa.

Sisi Watanzania tumewahi kuijaribu njia ya kubadilisha jina. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Jina zuri la Kiarabu halikusaidia. Vivyo hivyo "ahsante" ya mwenye maabara.

Ieleweke kwamba si kila shilingi inayopita kati ya madaktari ni chafu. Mpasuaji akimwita mwenzake amsaidie kwenye upasuaji, akamlipa kwa saa alizosimama, huo ni ujira. Muuguzi akisafiri na mgonjwa kutoka Kilindoni, akakaa chomboni amemshikia chupa ya maji ya mshipa, anastahili posho yake. Daktari akisoma picha ya eksirei iliyotumwa kwake na kuandika majibu, alipwe. Hapo ipo kazi, na mgonjwa akiuliza ataonyeshwa ilipo. Kamisheni haina kazi nyuma yake. Kumtazama mgonjwa na kumwandikia rufaa ni kazi ambayo tayari mwajiri ameilipa, au mgonjwa mwenyewe ameilipa alipotoa fedha ya kumuona daktari. Inayobaki kununuliwa ni ule mwelekeo wa kalamu tu.

Na mwendesha bodaboda anayepewa kitu kidogo na kliniki kwa kuleta abiria? Nimeulizwa swali hili msikitini. Naona kama abiria amemwambia mwenyewe "nipeleke kliniki fulani", na kliniki ikampa elfu moja ya maji, hilo liko mbali na tunalolizungumza. Lakini akimdanganya abiria kwamba Temeke pamefungwa, ameingia katika ile talaqqi, na uongo wake ni dhambi ya pili juu ya ile ya kwanza. Wanazuoni watatusahihisha.

Miaka michache nyuma alinijia kijana nadhifu, amechomekea, ana mkoba. Alijitambulisha kuwa anatoka kliniki moja ya mjini, ambayo sitaitaja. Akatoa kitabu cha fomu zilizopigwa chapa vizuri. Kila fomu ilikuwa na nambari pembeni juu, na hiyo nambari, alinieleza, ndiyo mimi. Mgonjwa akifika na fomu ile, nambari inaingizwa kwenye kitabu, na mwisho wa mwezi fedha zinatumwa kwa simu. Hakunitaka niseme uongo. Kwa hakika alikuwa na hoja: "Daktari, si wangekwenda Dar hata hivyo? Wewe hupotezi kitu na wao hawapotezi kitu." Nilimuuliza kama ile fedha yangu itaandikwa kwenye risiti ya mgonjwa. Alicheka. Nilimrudishia kitabu chake, tukanywa chai, akaondoka na chombo cha kesho yake.

Kilichobaki kichwani mwangu ni fomu yenyewe. Ilikuwa na jina la mgonjwa, orodha ndefu ya vipimo vya kuwekea alama, na ile nambari. Haikuwa na mahali pa kuandika shinikizo la damu. Haikuwa na mahali pa kuandika dawa alizokwisha kupewa, wala muda alipopewa. Haikuuliza ugonjwa ulianza lini. Karatasi ya rufaa isiyouliza hali ya mgonjwa ni karatasi ya mzigo.

Na ile hoja yake kwamba hakuna anayepoteza kitu si kweli, na hili tunalijua kwa yaliyotokea kwa wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani hali ilifanana sana na yetu: daktari wa shamba akimpeleka mgonjwa kwa mpasuaji wa mjini, na mpasuaji akimrudishia kwa siri sehemu ya ada. Matokeo yake mgonjwa hakwenda kwa mpasuaji hodari bali kwa mpasuaji anayegawa zaidi, na anayegawa zaidi kwa kawaida ni yule ambaye bila kugawa hapati mgonjwa. Waswahili tumeshasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu pia walipasuliwa bila sababu, kwa kuwa hakuna ada ya kugawana kama hakuna kisu. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilipoanzishwa mwaka 1913 kiliwataka wanachama wake waahidi kuachana na mchezo huo, na mwaka 1972 bunge la huko likafanya malipo ya namna hiyo kuwa kosa la jinai katika matibabu yanayolipiwa na bima za serikali. India, ambako ndugu zetu wengi wamekuwa wakienda kutibiwa, Baraza la Madaktari lilikataza kamisheni katika kanuni zake za mwaka 2002. Haikuisha. Mwaka 2014 daktari mmoja kutoka Australia, David Berger, aliyekuwa amejitolea katika hospitali ya huko milimani, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza jinsi rushwa na kamisheni za rufaa zilivyoharibu imani kati ya mgonjwa na daktari. Chama cha Madaktari Duniani nacho, katika kanuni zake zilizorekebishwa mwaka 2006, kimemkataza daktari kupokea faida yoyote kwa sababu tu ya kupeleka mgonjwa mahali au kuandika dawa ya kampuni fulani.

Hapa kwetu, mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida, na mwaka 1991 sheria ikalegezwa zikaruhusiwa. Silaumu kuruhusiwa kwake. Maabara na kliniki za binafsi zimeokoa wengi. Lakini penye milango mingi, anayejua njia ya kila mlango anapata bei. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikuwagusa watumishi wa serikali peke yao. Imetaja pia wakala anayepokea manufaa ili afanye au asifanye jambo katika shughuli za aliyemwamini, iwe ofisi ya umma au ya binafsi. Na sisi madaktari na matabibu tuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linaweza kumfutia mtu usajili.

Turudi kwenye miili ya watu, maana hii ni safu ya afya.

Mzee ana ngiri ya miaka mingi, huingia na kutoka. Usiku mmoja inatoka, inakuwa ngumu, hairudi, anatapika na tumbo linajaa. Hiyo imenasa. Utumbo ulionaswa unakosa damu, na saa chache zinaweza kuamua kama ataishi. Anatakiwa kisu cha karibu zaidi, na cha karibu zaidi ni cha hospitali ya wilaya. Mtu akimsubirishia chombo cha asubuhi ili afike kwa rafiki yake wa mjini, amefanya jambo ambalo sijui atalijibu vipi siku ya Kiyama.

Mama mjamzito ana maumivu makali ya kichwa, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba. Hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Huyu hapandishwi chomboni kwanza. Hupimwa shinikizo la damu, huanzishiwa sindano ya magnesiamu hapo hapo, ndipo rufaa ikihitajika aende na mhudumu. Anayefikiria nambari yake kwenye fomu hufikiria kuondoka, si kuanzisha dawa.

Mwenye busha naye hana haraka, na kwa hiyo ndiye wa kunyonywa kwa utulivu. Mafia tunaujua ugonjwa huu kwa jina na kwa sura. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianzia kisiwani kwetu mwaka 2000 kwa kugawa dawa za ivermectin na albendazole. Upasuaji wa busha la kawaida ni kazi ya hospitali ya wilaya. Mtu anayeambiwa lazima aende kliniki fulani ya Dar kwa busha, na si nyingine, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Na vipimo. Kipo kile cha Widal cha homa ya matumbo, ambacho mara nyingi husema "unayo" kwa mtu asiyekuwa nayo, kwa sababu damu hukumbuka maradhi ya zamani na mengine yanayofanana. Kipimo rahisi, jibu la kutisha, dawa za siku kumi: mwenye maabara anayetafuta vichwa hana rafiki bora zaidi. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza, na hicho kipimo kipo mpaka zahanati.

Ndugu msomaji, usije ukasoma makala haya kisha mgonjwa wako akipewa rufaa ukasema "wanataka kamisheni tu" ukamrudisha nyumbani. Rufaa nyingi ni za haki, na ucheleweshaji umezika watu wengi kuliko kamisheni. Tena kamisheni ina sura nyingine: yupo anayemzuia mgonjwa asiende hospitali kubwa kwa sababu ana fungu lake hapa hapa karibu. Kwa hiyo dawa yake ni kuuliza, na kuuliza si utovu wa adabu.

Uliza ugonjwa unaodhaniwa ni upi, na ni kitu gani hasa kinachokosekana hapa: mtaalamu, mashine au dawa? Uliza kama huduma hiyo ipo hospitali ya serikali, na kama ipo, kwa nini usiende huko. Ukitajiwa kliniki moja tu kwa jina, omba utajiwe na ya pili. Daktari mkweli atakuwa na jibu, na mara nyingine jibu lake ni kwamba kweli mashine hiyo iko pale tu, ukubali. Mwenye kadi ya bima aulize kama kituo anachoelekezwa kinapokea kadi yake kabla ya kukata nauli. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewataja kuwa wa kuhudumiwa bure katika vituo vya serikali. Anayewapeleka kwa mwenye maabara binafsi awape sababu iliyo wazi.

Barua ya rufaa haiuzwi, nayo ni ya mgonjwa. Iwe na jina, umri, dalili, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa alizopewa pamoja na saa, sababu ya rufaa, jina na saini ya mwandishi. Ikiwa na pembe yenye nambari isiyoeleweka, uliza nambari hiyo ni ya nani. Hili la maandishi si geni katika Uislamu. Ash-Shayzari, aliyeishi karne ya 12 na kuandika kitabu cha kazi za muhtasib, msimamizi wa masoko, ameeleza utaratibu ambao tabibu huandika alichokiona na alichoagiza, na nakala hukaa kwa jamaa za mgonjwa. Mgonjwa akifa, jamaa huzipeleka nakala hizo kwa mkuu wa matabibu azikague; akiona tabibu alizembea, huwaambia wamdai diya. Leo tuna simu zenye kamera. Piga picha barua kabla chombo hakijang'oa nanga, maana maji ya chumvi hayana heshima na karatasi.

Watasema wenzangu: mishahara ni midogo, wewe unajifanya mtume? Hapana, na bei ya sukari Kilindoni naijua. Mshahara mdogo ni hoja ya kumpelekea mwajiri, na wapo wanaotudai haki hiyo waziwazi. Haiwi hoja ya kumkata mvuvi ambaye hana mshahara kabisa. Tena tazama kilichowapata wenzetu wanaoanza: kwanza unapokea kwa mgonjwa ambaye angekwenda tu. Mwezi wa pili unamkumbuka yule ambaye huenda angekwenda. Mwezi wa nne kalamu imeshajua njia, nawe huioni tena ikitembea.

Kwa upande wa familia, nasi tuna la kurekebisha. Kuna wanaokuja na bahasha mkononi kabla hawajaulizwa, wakiamini kuwa bila ya hiyo mgonjwa hatatazamwa. Mtume (s.a.w.) amemlaani anayetoa rushwa na anayepokea, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Wanazuoni wamezungumza kuhusu anayelazimika kutoa ili apate haki yake asidhulumike, na hilo muulize sheikh wako. Lakini bahasha ya kujipendekeza, ambayo hakuna aliyeiomba, ndiyo inayomfundisha kijana aliyetoka chuoni jana kwamba kalamu yake ina bei.

Aliyetozwa au kuelekezwa kwa njia anayoitilia shaka aanze kwa mganga mfawidhi wa kituo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Likimshinda huko, TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu ya bure nambari 113, na Baraza la Madaktari hupokea malalamiko ya kimaadili. Atakalotakiwa kuonyesha ni risiti yenye jina la kituo, tarehe na kiasi, barua ya rufaa au picha yake, na jina la aliyemwelekeza. Kwa hiyo dai risiti kila unapotoa fedha, hata ukiwa na haraka, hata mgonjwa akiwa begani.

Wabillaahi tawfiiq.